Kikosi Ninachokiacha Usiku wa Ijumaa

Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 2024 niliamkia msibani, Rungwe, upande ule ambao ukishaiacha lami ya Kiwira simu inabaki ya kuangalizia saa tu. Mvua ilikuwa imekesha. Wanawake tulijazana jikoni kwa shangazi tukimenya ndizi, utomvu umetuganda vidoleni mpaka mpini wa kisu unanata mkononi. Moshi, majonzi, na kila baada ya muda mtu anaingia na ndoo ya maji. Mpira haukuwepo kichwani mwangu kabisa.

Asubuhi hiyohiyo huko Uingereza ilikuwa inavuma dhoruba waliyoipa jina la Darragh. Mechi ya Everton na Liverpool, debi ya timu mbili za mji mmoja, iliyokuwa ichezwe saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, ikaahirishwa. Nina kikosi cha fantasi, ule mchezo wa kwenye simu wa kupanga wachezaji wa kweli na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Nahodha wangu wiki ile alikuwa Mohamed Salah, na mmoja wa mabeki wangu alikuwa Virgil van Dijk. Wote wawili ni wa Liverpool, wakawa hawana mechi. Kikosi kilikuwa kinafungwa saa nane mchana, kwa hiyo mwenye mtandao alikuwa na saa kadhaa za kurekebisha mambo. Mimi nilikuja kujua Jumapili jioni tuliposhuka Kiwira kupanda gari la kurudi Uyole, simu ikaanza kutetema mfululizo ndani ya mkoba.

Nilifungua nikiwa nimesimama kando ya barabara, mwavuli nimeubana begani. Salah hana kitu, Van Dijk hana kitu. Lakini nahodha wangu msaidizi alikuwa Cole Palmer wa Chelsea, nayo ilikuwa icheze na Tottenham usiku uleule. Na wa kwanza kwenye benchi langu alikuwa Chris Wood wa Nottingham Forest, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amefunga Old Trafford, Forest ikashinda 3-2. Nikarudisha simu mkobani. Hakukuwa na cha kubadilisha, na hakukuwa na haja.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo yenyewe ni haya. Unapewa pauni milioni 100 za kwenye karatasi, unasajili wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka timu moja. Kila wiki unapanga 11 wa kuanza, wanne wanakaa benchi kwa mpangilio unaoutaka wewe. Unachagua nahodha, pointi zake zinazidishwa mara mbili, na msaidizi wa kuzidishiwa badala yake nahodha asipocheza kabisa. Kikosi kinafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Baada ya hapo, hata ukilia, hakuna mtu wa kukufungulia.

Ligi yetu ni ya watu kumi na wawili. Wapo madereva wa bajaji wa Uyole, yupo mwalimu, yupo muuguzi, yupo fundi wa pikipiki wa Mafiati, na nipo mimi mwenye duka la pembejeo. Mshindi wa msimu ananunuliwa debe la mchele wa Kyela. Mama aliwahi kuniuliza kwa uchungu kabisa, "Mwanangu, na wewe umeingia kwenye mikeka?" Nilikaa naye nikamweleza kwamba hapa hakuna anayeweka hela wala anayeliwa hela. Akaelewa, ila mpaka leo akiniona nimeinamia simu siku ya Ijumaa huwa anaguna.

Ijumaa ndiyo siku yangu. Na ilikuja kuwa Ijumaa kwa sababu ya Jumamosi moja iliyoniuma.

Ilikuwa tarehe 28 Septemba 2024. Nilikuwa nimempanga Palmer unahodha, na sababu ninayo: Chelsea walikuwa nyumbani, na Brighton ya Fabian Hürzeler ilikuwa inapandisha mabeki juu, inaacha uwanja mtupu nyuma yao. Mchezaji anayejua kupenyeza na kukimbilia nafasi kama ile atafaidi. Nilishaamua, nimelala nayo, nimeamka nayo. Saa saba kasoro robo mchana mdogo wangu akasimamisha bajaji mbele ya duka, ndani ana wenzake wawili.

"Dada, umemweka nani?"

"Palmer."

"Palmer? Dada, Haaland ana mabao 10 kwenye mechi 5! Sisi wote ni Haaland. Ukimwacha akifunga matatu leo, umekwisha."

Na kweli Haaland alikuwa na mabao 10 katika mechi 5. Hilo halikuwa jipya, nilikuwa nalijua tangu Jumapili iliyopita. Lakini niliwaona wale vijana watatu wana uhakika, nikaanza kujiona niko peke yangu, na zimebaki dakika kumi kikosi kifungwe. Mteja amesimama anasubiri chenji yake ya mbegu. Nikambadilisha. Manchester City wakatoka 1-1 na Newcastle, Haaland hakufunga. Saa kumi na moja jioni Chelsea wakaingia uwanjani, na Palmer akafunga mabao manne kabla ya mapumziko, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika Ligi Kuu ya Uingereza. Kiungo hupewa pointi 5 kwa kila bao. Ni pointi 20 za mabao peke yake, na zingezidishwa mara mbili.

Kilichoniuma si kukosa zile pointi. Mpira una siku zake, na Haaland angeweza kabisa kufunga matatu mchana ule. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na hoja, nikaiacha bila kupewa hoja nyingine. Hakuna aliyeniambia Palmer ni mgonjwa. Hakuna aliyeniambia Brighton wamebadilisha namna ya kukaba. Niliambiwa tu kwamba wenzangu wote wako kule.

Usiku ule nilichukua kaunta buku la madeni ya dukani, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma. Tarehe, kikosi, nahodha, msaidizi, benchi kwa mpangilio, na sababu ya kila mmoja kwa sentensi moja. Nikajiwekea sharti: naandika Ijumaa usiku, na nikishaandika nisibadilishe mpaka iwepo habari. Habari ni mtu kuumia, kufungiwa, mechi kuahirishwa, au kocha kusema kwa kinywa chake kwamba fulani hatacheza. Mengine yote naandika pembeni neno moja, "kelele", na jina la aliyeileta. Kurasa zile zimejaa jina la mdogo wangu.

Kuna kitu kingine kuhusu Jumamosi ambacho watu wa huku tunapaswa kukihesabu. Jumamosi si siku yetu. Kuanzia Novemba mvua zikianza, dukani kwangu watu wanapanga foleni: huyu mbolea ya DAP ya kupandia, yule UREA ya kukuzia, mwingine namba yake ya ruzuku inagoma na kamtuma mtoto asiyejua kuieleza. Umeme unakatika. Mtandao unakwenda na mawingu. Kuna misiba, kuna harusi, kuna shamba. Saa zenyewe nazo zinahama: Waingereza wanarudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo kikosi kilichokuwa kinafungwa saa saba mchana kwetu kinakuwa cha saa nane. Mwishoni mwa Machi wanazisogeza tena mbele, na kila mwaka kuna mtu kwenye ligi yetu anafungua simu saa saba na nusu akidhani ana muda, anakuta pamefungwa. Wiki zenye mechi ya Ijumaa usiku mambo yanawahi zaidi, na hapo mimi naandika Alhamisi.

Kwa hiyo napanga kikosi cha kuachwa. Najiuliza: nikiondoka sasa hivi, nikapotelea Rungwe siku tatu, hiki kikosi kitajisimamia? Swali hilo likiulizwa kwa dhati linabadilisha kila kitu, na linakupeleka sehemu ambazo wengi wetu hatuziangalii, yaani benchi na nahodha msaidizi.

Nianze na dakika, maana hapo ndipo penye utajiri. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anakupa pointi 2, akicheza chini ya hapo anakupa 1, asipogusa uwanja kabisa mfumo unamtoa na kumwingiza mtu wa benchi. Sasa angalia mtego uliomo. Nyota wako katoka majeruhi. Kocha kasema Ijumaa, "Yupo kwenye kikosi, tutaona." Unampanga kwa sababu ni nyota. Jumamosi anakaa benchi la kwao, anaingizwa dakika ya 86, anakimbia kidogo, mechi inaisha. Pointi 1. Na yule wa benchi lako, aliyecheza dakika zote 90 na kufunga, anabaki palepale, kwa sababu nyota wako "amecheza". Kwangu mimi asiyecheza kabisa ni afadhali mara kumi kuliko anayecheza dakika nne.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza nani ana kipaji, nauliza nani ataanza. Na siulizi mara moja. Kwanza, ana nafasi gani ya kuanza? Pili, asipoanza, kocha wake ni wa kumwacha apumzike moja kwa moja au ni wa kumwingiza mwishoni? Wapo makocha ambao nyota akianzia benchi unajua ataingia tu. Mchezaji wa namna hiyo akiwa na alama ya tahadhari ya asilimia 50, yaani mfumo unamkadiria nusu kwa nusu kucheza, mimi namweka benchi mwenyewe, namba moja, na kijana wa bei ndogo anayeanza kila wiki naye anaanza kwangu. Wenzangu wananishangaa. Lakini wiki ngapi nimewaona wameshika simu wanaomba nyota wao asiingizwe?

Wiki ile ya Desemba ilikuwa na jambo hilo. Timu zilikuwa zimecheza katikati ya wiki, Jumanne mpaka Alhamisi, na zinarudi uwanjani Jumamosi. Salah alikuwa amecheza Jumatano dhidi ya Newcastle, sare ya 3-3, akafunga mawili na kutoa pasi ya bao lingine. Nilijiuliza kama atapumzishwa. Kwenye kaunta buku limeandikwa hivi (N ni nahodha, M msaidizi, B benchi), na wino umesambaa kidogo kwa sababu mikono ilikuwa na maji: "Salah N. Debi, hawezi kuachwa. Palmer M, mechi tofauti, siku tofauti. Wood B1. Beki B2."

Maneno "mechi tofauti, siku tofauti" ndiyo yaliyoniokoa, na nayaandika kila wiki mpaka leo. Watu huchagua nahodha kwa nusu saa, halafu msaidizi wanambandika yeyote aliyebaki, mara nyingi mwenzake wa timu ileile kwa sababu timu inatarajiwa kushinda. Lakini fikiria kazi ya msaidizi ni nini. Anahitajika siku ambayo nahodha hakucheza hata dakika moja. Na moja ya sababu kubwa za nahodha kutocheza kabisa ni mechi yenyewe kutokuwepo. Sasa kama wote wawili wako kwenye mechi moja, dhoruba moja inawachukua wote.

Mdogo wangu ni Liverpool damu. Wiki ile Salah alikuwa nahodha na msaidizi alikuwa Luis Díaz. Siku ile alikuwa na abiria wa Igawilo kutwa nzima, bando limekwisha, akasema atanunua akirudi kijiweni. Alirudi saa tisa. Hakupata nahodha wiki nzima, hakuna mchezaji hata mmoja wa kuzidishiwa.

Benchi nalo lina sheria zake. Mfumo unafuata mpangilio wako, wa kwanza kisha wa pili kisha wa tatu, ila hauvunji umbo la timu: lazima wabaki mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji asiyepungua 1. Mimi nilikuwa nimeanza na mabeki watatu. Van Dijk alipokosa mechi, nafasi yake ilikuwa lazima ijazwe na beki, awe wa pili au wa mwisho kwenye benchi haijalishi. Wood alichukua nafasi ya Salah, na yule beki wa bei ya chini akachukua ya Van Dijk, akaniletea kidogo tu. Kidogo tu, lakini alikuwa anacheza. Zamani kwenye nafasi ile nilikuwa naweka mtu wa pauni milioni 4 ambaye hata timu yake imemsahau, nikijivunia kwamba nimeokoa hela ya kumnunua nyota mmoja zaidi. Siku hizi nakataa. Ukianza na mabeki watatu, beki wako wa kwanza wa benchi ni mchezaji wa kweli, mtafutie mtu anayeanza kwao. Kipa wa pili ndiye pekee ninayemruhusu awe jina tu.

Msimu wa 2025/26 umenipa nguvu zaidi kwenye hilo, kwa sababu sasa beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi, yaani kukaba, kunasa pasi, kuondosha hatari na kuzuia mashuti, anapata pointi 2 hata kama timu yake imefungwa. Mabeki wa timu ndogo zinazoshambuliwa dakika zote ndio hao. Jamaa wa bei ya chini anayepiga mipira kwa kichwa mchana kutwa ana thamani leo kuliko zamani, na nafurahi sana kuona jasho lake linahesabiwa.

Wananiuliza pia kuhusu kununua wachezaji zaidi ya nafasi ulizopewa, ambapo kila mmoja wa ziada unakatwa pointi 4. Sipendi. Pointi 4 ni bao zima la mshambuliaji. Ukimnunua mshambuliaji kwa kukatwa, bao lake la kwanza limekwenda kulipa deni. Nafanya hivyo tu pale ambapo vinginevyo ningekuwa na pengo uwanjani, na hata hapo naangalia kwanza kama benchi linanitosha.

Nirudi Uyole. Jumapili ile usiku Palmer alifunga penalti mbili, Chelsea wakatoka nyuma 2-0 na kushinda 4-3. Jumatatu wakacheza West Ham na Wolves, mechi ya mwisho ya wiki. Jumanne asubuhi nikafungua duka, nikawasha simu, nikakuta kila kitu kimekaa mahali pake: Palmer kazidishiwa, Wood yumo ndani, Salah kahamia benchi. Mdogo wangu alikuja kunywa chai.

"Dada, nani alikuambia mechi itaahirishwa?"

"Hakuna. Nilikuwa jikoni kwa shangazi, unajua mwenyewe kule hakuna mtandao."

"Sasa ulimwekaje Palmer?"

Nikampa kaunta buku. Alisoma akiwa amesimama, kikombe mkono mwingine, akafunua nyuma, akafunua tena. Alipofika kwenye zile kurasa za "kelele" akakutana na jina lake mara nyingi kuliko alivyotegemea. Hakusema kitu. Alimaliza chai, akaniuliza naanza kuandika saa ngapi siku za Ijumaa.

Tangu hapo anakuja. Anapaki bajaji saa mbili usiku, anavua koti, tunakaa nyuma ya magunia ya mbolea kila mtu na simu yake. Tunabishana kweli. Yeye anampenda mchezaji aliyefunga juzi, mimi nampenda anayeanza kila wiki. Hatufanani vikosi na sitaki tufanane. Nachomlazimisha ni kitu kimoja tu: aseme sababu kwa sauti kabla hajaandika.

Ile mechi ya Everton na Liverpool ilirudi tarehe 12 Februari 2025, saa nne na nusu usiku kwetu, debi ya mwisho ya Goodison Park. Liverpool walikuwa na mechi mbili ndani ya wiki moja ya fantasi, ambayo ni raundi ya mechi na si lazima iwe siku saba. Mdogo wangu alitumia ile nafasi maalumu ya kumzidishia nahodha mara tatu badala ya mbili, akamweka Salah, na safari hii msaidizi alikuwa wa timu nyingine kabisa. Aliniandikia sababu: "Mechi mbili. Hapumzishwi debi." Salah alikuwa tayari amefunga mawili kwa Bournemouth tarehe 1. Usiku ule akatoa pasi ya bao la Mac Allister, kisha akafunga la pili mwenyewe, na mdogo wangu akawa anazunguka sebuleni kwa mama akijizuia asipige kelele.

Dakika ya 98 James Tarkowski wa Everton akapiga shuti, likaenda juu ya wavu kwa ndani. Ikawa 2-2. Mdogo wangu akaanguka kwenye kochi na ukelele ambao ulimwamsha mama.

"Kuna nini huko? Nani amefariki?"

"Hakuna mama, lala," nikamjibu. "Ni Liverpool."

Yeye alikuwa amejifunika uso kwa koti lake la bajaji. Baadaye kidogo mkono mmoja ukatoka chini ya koti, ukapapasa mezani, ukaikuta simu, akaifungua kuhesabu pointi za Salah.